Ngiri ya shangazi imeshonwa, ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Sasa wanasema awekewe neti. Kwa nini inarudi?

#1 Mpwa_wa_Chumbageni

Wakuu salaam. Shangazi yangu ni mama wa makamo, anakaanga samaki Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga. Miaka ya nyuma alipasuliwa kwa dharura, utumbo ulikuwa umetoboka, wakamfungua kwa mkato wa wima kuanzia juu ya kitovu mpaka chini. Akapona, tukashukuru. Baadaye pale kwenye kovu pakaanza kututumka. Akikohoa panatokeza, akilala chali panarudi.

Akaenda hospitali moja (siitaji, tusije tukafungiwa uzi), wakaishona. Haikuchukua muda, ikarudi, na safari hii si ya kufichwa na kanga. Akisimama, tumbo linalala upande wa kushoto. Ngozi juu yake imekuwa nyembamba, inang'aa, na ukikaa karibu naye baada ya chakula unauona utumbo ukipita chini yake. Watoto wa nyumbani wanagombania nafasi ya kutazama.

Daktari mwingine kasema kushona tena kwa nyuzi peke yake ni kupoteza muda, awekewe neti. Hapo ukoo ukagawanyika. Baba anasema aliyemshona hakushona vizuri. Mama mdogo anasema ni ndoo za samaki. Shangazi mwenyewe anasema kuna mtu pale sokoni. Mimi nasema nyuzi zilikuwa za bei rahisi, zimeoza. Nani yuko sahihi? Na hiyo neti ni kitu gani, inakaa humo milele?

#2 Kahawa_Chungu

Nimekaa hapa na kashata yangu. Madaktari njooni.

#3 Mgosi_wa_Pongwe

Ngiri tu hiyo? Tanga hii wazee wangapi wanatembea nayo, unamkuta mtu kavaa kanzu pana na baiskeli hapandi tena, anaikokota. Kuna mti unachemshwa, wiki kadhaa inanywea. Msimkatekate mama wa watu.

#4 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mgosi, unachanganya magonjwa mawili. Hao wa kanzu pana wengi wao wana busha, yaani maji yamejaa kwenye mfuko wa korodani, na huku pwani chanzo chake mara nyingi ni minyoo ileile inayoleta matende, inayoenezwa na mbu. Humo hamna utumbo. Ya shangazi ni ngiri ya kwenye kovu: ukuta wa tumbo umeachia palipokatwa, na kilicho ndani kinatoka kupitia tundu hilo. Dawa ya kuchemsha haiwezi kuziba tundu la msuli hata ukinywa pipa.

Mleta uzi, la muhimu kuliko neti: siku uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, akaanza kutapika au hapati choo wala hewa haitoki, usije kufungua uzi mwingine humu jukwaani. Siku hiyohiyo hospitali. Utumbo ukinyongwa hauna subira.

#5 Mgosi_wa_Pongwe

Nimekaa chini nesi. Lakini babu yangu alipona.

#6 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Alipona busha au ngiri?

#7 Mgosi_wa_Pongwe

Alipona 😂

#8 Mzee_wa_Gati

Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa kuli bandarini Tanga enzi mkonge unatoka kwa marobota, robota moja hulinyanyui peke yako labda uwe na wazimu. Kama ngiri ingekuwa inaletwa na mzigo, basi gati zima tungekuwa nayo. Wapo waliobeba maisha yao yote hawakuipata, na karani wetu aliyekuwa anabeba kalamu akaipata pande zote mbili.

Yangu ilikuwa ya kinenani. Ilishonwa kwa nyuzi, ikarudi. Kisha nikawekewa neti, na mpaka leo napanda baiskeli kutoka Duga hadi mjini. Katikati ya hayo mawili nilibadilisha kitu kimoja: niliacha sigara, kikohozi cha asubuhi kikaondoka. Sasa mtaniambia ni neti au ni sigara?

#9 Kahawa_Chungu

Shikamoo mzee. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

#10 Mzee_wa_Gati

Marahaba. Kunywa kahawa yako.

#11 Daktari_Mpitaji

Habari za humu. Niko kwenye kada ya upasuaji, si Tanga lakini nimewahi kufanya kazi huko. Simfahamu mgonjwa, kwa hiyo naongelea ugonjwa.

Mleta uzi, dai lako la nyuzi kuoza halisimami vizuri. Ukuta wa tumbo huwa unafungwa kwa uzi usioyeyuka kabisa, au ule unaoyeyuka polepole sana, na kidonda kinakuwa kimepata nguvu yake kabla uzi haujaisha. Mara nyingi uzi uko mzima, ila umekata nyama. Ukivuta kingo mbili zilizochoka zikutane kwa nguvu, kila pumzi, kila chafya inazivuta zirudi kwao. Uzi unabaki, nyama inachanika.

Ndiyo maana ya neti. Ni kitambaa cha nyuzi za plastiki, mara nyingi polipropilini, chenye matundu. Nyama ya mwili inaota inapita kwenye matundu yale mpaka inakuwa kitu kimoja nayo, kama zege linavyoshika nondo. Haiondolewi. Daktari Francis Usher wa Texas ndiye aliyeanza kuzitumia za aina hii mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwenye ngiri za kinena, kama ya Mzee wa Gati, Irving Lichtenstein wa Los Angeles ndiye aliyeeneza mtindo wa kuziba kwa neti bila kuvuta nyama, miaka ya 1980.

Takwimu sasa. Uholanzi walilinganisha nyuzi peke yake na neti kwa watu wenye ngiri za kovu, na matokeo yakatoka mwaka 2000. Baada ya miaka 3, kwa waliokuwa wanatengenezwa kwa mara ya kwanza, nyuzi zilishindwa kwa asilimia 43, neti kwa asilimia 24. Waliendelea kuwafuatilia watu wale, na kufika miaka 10 ikawa asilimia 63 kwa 32. Angalia vizuri: hata neti ilirudisha karibu theluthi moja. Na zile zilikuwa ngiri za upana usiozidi sentimita 6. Ya shangazi, kwa unavyoieleza, ni kubwa zaidi.

#12 Mpwa_wa_Chumbageni

Asante daktari. Kwa hiyo baba yuko sahihi? Aliyeshona alikosea?

#13 Daktari_Mpitaji

Sijasema hivyo, usininukuu kwenye kikao cha ukoo 😅. Ila ufungaji una mchango. Waholanzi haohao mwaka 2015 walitoa utafiti mwingine: wanaofungwa kwa hatua ndogo, milimita 5 kutoka mshono hadi mshono, dhidi ya hatua kubwa za sentimita 1. Baada ya mwaka ngiri ilikuwa asilimia 13 kwa hatua ndogo na 21 kwa kubwa. Tofauti ipo, lakini hao asilimia 13 nao walishonwa vizuri kabisa.

#14 Mvuvi_wa_Sahare

Mmenifikisha nyumbani. Neti ya plastiki yenye matundu? Mimi nina jarife humu ndani, nina nyavu za dagaa, nina vipande vya nailoni vya kila ukubwa wa jicho. Shangazi mwambieni achague. Kwa nini auziwe kitambaa cha kiganja kwa bei ya mtumbwi?

#15 Mgosi_wa_Pongwe

Ya dagaa usimpe, ataanza kunuka wakati wa bamvua.

#16 Maabara_Bubu

Mvuvi swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Nailoni mwilini inapoteza nguvu kadiri miaka inavyokwenda, maji ya mwili yanaila taratibu. Polipropilini hailiki hivyo. Halafu jicho la neti lina maana kubwa. Matundu yakiwa madogo mno, bakteria wanapita lakini chembe za kinga za mwili hazipiti, kwa hiyo wadudu wanapata kichaka cha kujificha. Neti nyingi za siku hizi zina jicho kubwa kiasi ili nyama ipite na kinga ipite. Na lazima iwe safi kabisa, iliyouliwa wadudu wote, siyo ya kuanika mchangani.

#17 Mvuvi_wa_Sahare

Kumbe na wao wanapima jicho. Sawa, nimewaheshimu.

#18 Mjukuu_wa_Korogwe

Mnamcheka mvuvi lakini chandarua kimetumika kweli. Nenda katafute habari za Uganda. Waliwapasua wanaume 302 mashariki mwa nchi, nusu wakawekewa neti ya kiwandani, nusu neti iliyokatwa kwenye chandarua. Ikatoka kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, waliorudiwa na ngiri kwenye kundi la chandarua ni mtu mmoja, kundi la kiwandani hakuna. Neti ya kiwandani ilikuwa kama dola 125, ya chandarua kama dola 1. Sasa kwa nini shangazi aambiwe bei za ajabu? Kuna biashara hapa.

#19 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mjukuu, takwimu zako ziko sawa ila umeruka mambo mawili. Kwanza, wale wote walikuwa na ngiri ya kinena, ndogo ukilinganisha na hii ya #1. Pili, hakikuwa chandarua cha kliniki ya wajawazito. Hakikuwa na dawa ya mbu, kilikatwa, kikafungwa, kikapikwa kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzi joto 121. Kikizidishiwa moto kinasinyaa. Tafadhali mtu asije akakata chandarua chake cha dawa akampelekea daktari kwenye mfuko wa rambo. Nasema hivi kwa sababu nawajua ndugu zangu.

#20 Mjukuu_wa_Korogwe

Nimekubali la kinena. La biashara sijakubali.

#21 Kahawa_Chungu

Samahani niharibu sherehe. Mimi nimesoma kwamba neti hizi Marekani zimepigwa marufuku, wanawake wameshtaki, kesi maelfu. Sasa tunaletewa sisi huku?

#22 Maabara_Bubu

Kahawa, hapana. Kilichosimamishwa Marekani, Aprili 2019, ni uuzaji wa neti za kuwekwa kupitia ukeni kwa wanawake ambao viungo vya nyonga vimeshuka. Australia walitangulia mwishoni mwa 2017, na Uingereza walisitisha 2018. Sehemu ile na tumboni ni vitu viwili tofauti. Neti za ngiri zinaendelea kutumika huko kila siku. Kesi za neti za ngiri pia zipo, sitaficha, kuna aina fulani za kampuni ambazo ziliondolewa sokoni. Lakini "marufuku" siyo neno lake.

#23 Kahawa_Chungu

Sawa. Nimerudi kwenye kashata.

#24 Binti_Pangani

Jamani na sisi wa uzazi mtusemee. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kujifungua, mkato wa wima kwa sababu ilikuwa dharura usiku. Sasa nina ngiri katikati, siyo kubwa kama ya shangazi lakini nguo zote zinaisema. Kila ninayekutana naye ananiambia "maliza kuzaa kwanza". Mume wangu amelifurahia hilo neno kupita kiasi.

#25 Daktari_Mpitaji

Binti, ushauri huo una msingi. Kama haikusumbui na unatarajia mimba nyingine, wengi tunapendelea kusubiri, kwa sababu tumbo la mimba linaweza kuivuta kazi yote ikaachia. Lakini ikianza kuuma au kunasa, hakuna kusubiri mtoto wa nne. Mwambie na mume.

#26 Kijana_wa_Makorora

Niongeze la mzee wangu, maana yake ndiyo inafanana na ya mleta uzi. Ngiri ya kovu, kubwa, ameishi nayo miaka mpaka tukaizoea, alikuwa anaweka sahani ya chakula juu yake kama anatania wageni. Kwetu walimpeleka nje ya Tanga, hospitali ya rufaa.

Nilidhani wataingiza neti wafunge waje watuambie tayari. Kabla ya chochote wakamwambia apunguze uzito, aache ugoro na sigara, na sukari ishuke. Ilichukua muda mrefu mzee akanung'unika kuwa amekuja kupasuliwa si kufundishwa kula. Siku ya siku akapigwa nusu kaputi, akakaa chumba cha upasuaji tangu asubuhi mpaka adhuhuri imepita.

Alitoka na mirija miwili ubavuni, kila mmoja una kichupa cha kubonyeza. Mimi ndiye nilikuwa nakimwaga na kuandika kwenye karatasi kimetoka kiasi gani: siku za mwanzo wekundu kama maji ya rozela, baadaye manjano, mwisho kidogo tu. Manesi kila wakipita swali ni moja, "Mzee, umejamba?" Mzee wangu ni mtu wa msikitini, aliona wanamvunjia heshima. Siku alipojamba wodi nzima ilipiga makofi, na ndipo akaruhusiwa uji.

Kilichonitisha ni pumzi. Usiku wa kwanza alikuwa anahema juu juu kama amekimbia. Wakamwinua kitanda, wakampa oksijeni, wakampa kifaa cha kuvuta pumzi chenye vigololi vinavyopanda. Daktari akasema utumbo umerudishwa mahali ambapo palishazoea kuwa wazi. Yule anayejua alielezee hilo.

#27 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Hilo swali la kujamba msilicheke. Ndiyo habari njema ya kwanza tunayoisubiri.

#28 Daktari_Mpitaji

Kijana umeeleza vizuri kuliko vitabu. Ngiri ikikaa nje miaka mingi, tumbo la ndani linasinyaa na misuli ya pembeni inajivuta kama imekata tamaa. Utumbo unakuwa umehama nyumba. Ukiurudisha wote kwa siku moja na kufunga kwa nguvu, unabana kiwambo cha mapafu, mgonjwa anashindwa kuhema, na shinikizo likizidi hata figo zinakosa damu. Watu wamekufa kwa hilo, ngiri ikiwa imezibwa vizuri.

Zipo njia za kuandaa. Ya zamani ni ya Iván Goñi Moreno wa Argentina, miaka ya 1940: unaingiza hewa tumboni kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla ya upasuaji ili tumbo lipanuke. Ya siku hizi ni sindano ya botulinamu kwenye misuli ya pembeni, wiki chache kabla, misuli ilegee na kurefuka. Na ndani ya upasuaji wenyewe kuna kutenganisha tabaka za misuli ya tumbo ili zisogee zikutane katikati. Oscar Ramirez aliandika juu ya hilo mwaka 1990. Neti kubwa inalazwa nyuma ya misuli ya mbele, ivuke ukingo wa tundu kwa sentimita 5 hivi kila upande. Huo mtindo wa nyuma ya msuli tunauita kwa majina ya Wafaransa wawili, Rives na Stoppa.

Siyo kila hospitali inafanya haya yote. Ngiri ndogo ya kitovu hapo Tanga inafanyika bila shida. Kwa ile kubwa sana usione aibu kuuliza kama watakupa rufaa.

#29 Mgosi_wa_Pongwe

Botulinamu si ndiyo ile masista wa Dar wanachoma usoni wasikunje paji? Kwa hiyo shangazi atakuwa na tumbo la kisasa?

#30 Daktari_Mpitaji

Ndiyo hiyohiyo. Ila hii haiendi saluni.

#31 Mama_Abdi_Msambweni

Wanangu mimi napita. Mjukuu wangu kitovu kimetoka kama dole gumba, tumemfunga sarafu na kitambaa. Itabidi naye awekewe neti?

#32 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mama. Toa sarafu, inamchubua na inaleta vidonda. Kwa watoto wengi tundu hilo hujifunga lenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Akifika huko halijafungwa, au likiwa kubwa sana, daktari atalishona kwa uzi tu, watoto hawahitaji neti. Likiwa gumu na analia, hospitali.

#33 Mama_Abdi_Msambweni

Marahaba mwanangu. Wote nyumbani tulifungwa sarafu, na vitovu vyetu vizuri. Lakini nimesikia.

#34 Kahawa_Chungu

Na vingejifunga hata mngefungwa kashata 😂

#35 Mpwa_wa_Chumbageni

Nimerudi. Nimemhoji shangazi jana, nimetoka na mambo mapya. Ule mkato wa kwanza, wa dharura, kumbe ulitoa usaha. Alikuwa anasafishwa kidonda kwa muda mrefu na kovu likajifunga kwa chini kwenda juu. Mimi nilikuwa shule, sikuliona. Pili, anakohoa. Si sana, lakini kila asubuhi, na anakaa kwenye moshi wa karai kutwa. Tatu, sukari hajawahi kupima tangu azaliwe.

#36 Daktari_Mpitaji

Hilo la usaha ndilo ningelitafuta kwanza. Kidonda kilichochafuka ni miongoni mwa sababu kubwa za ngiri ya kovu. Kingo hazishikani vizuri. Tena wadudu wakiwa bado wamelala kwenye lile kovu, neti mpya inaweza kuchafuka, na neti iliyochafuka wakati mwingine inabidi itolewe yote. Mwambieni daktari wake, asije akaligundua mezani.

#37 Mzee_wa_Gati

Kikohozi kijana. Nimesema tangu #8. Usaha ulipita, kikohozi kipo kila asubuhi.

#38 Maabara_Bubu

Wote mnapigania kitu kimoja kwa sababu tu mmeshakipenda. Wapo watu ambao nyama zao za kuunganisha ni dhaifu tangu kuzaliwa, kolajeni yao haina nguvu ya kawaida. Hao wanapata ngiri ya kinena, kisha ya kitovu, kisha ya kovu, wabebe mzigo wasibebe. Mpwa, kwenu nani mwingine ana ngiri?

#39 Mpwa_wa_Chumbageni

Baba. Na marehemu babu.

#40 Mgosi_wa_Pongwe

Baba yule anayesema aliyeshona hakushona vizuri? 😂😂 Mwambie ashike na yake.

#41 Mjukuu_wa_Korogwe

Huyu baba yuko upande wa Coastal nini, maana kila wakifungwa kosa ni la refa.

#42 Mpwa_wa_Chumbageni

Ni African Sports. Muacheni mzee.

#43 Kahawa_Chungu

Hapo nimemuelewa zaidi.

#44 Mvuvi_wa_Sahare

Na yule mtu wa sokoni mbona hamumsemi? Pale Deep Sea mimi nafikisha samaki. Wivu upo. Sisemi uchawi unatoboa msuli, nasema mtu anayefanya kazi na hofu hapumziki. Shangazi huyo baada ya kushonwa alikaa nyumbani kwa muda gani kabla ya kurudi kwenye karai? Meza yake ingekaa wazi mwezi mmoja tu, ingepata mwenyewe.

#45 Binti_Pangani

Mvuvi hapo umesema kitu ambacho hao wengine hawakukigusa. Mimi niliambiwa nisinyanyue ndoo wiki sita. Nani atachota maji?

#46 Mpwa_wa_Chumbageni

Alirudi mapema. Hataki kusema lini, lakini mama mdogo anacheka tu.

#47 Daktari_Mpitaji

Mapumziko yana maana, hasa wiki za mwanzo kabla nyama haijaingia kwenye neti. Kutembea ruhusa, tena tunamlazimisha kesho yake asije akaganda damu miguuni. Mizigo mizito hapana. Mkanda wa tumbo unampa ahueni, ingawa hautengenezi kitu. Choo kigumu nacho kinasukuma, kwa hiyo maji, matunda, mboga. Wanaume wenye tezi dume inayowabana mkojo watibiwe hiyo kwanza, maana kukamua mkojo ni kazi ya kila siku.

Maji yakijikusanya chini ya ngozi baada ya mirija kutolewa, msikimbilie kuyakamua nyumbani. Mengi yanakauka yenyewe. Mrudisheni kliniki wayatazame.

#48 Mpwa_wa_Chumbageni

Tuna kliniki wiki ijayo. Nimeandika maswali kwenye simu: upana wa tundu ni sentimita ngapi, neti itakaa wapi, je anahitaji rufaa. Kuna la kuongeza?

#49 Kijana_wa_Makorora

Uliza neti itakuwa juu ya msuli au nyuma yake, na kama itagusa utumbo. Mzee wangu walituambia ile ya kawaida ikigusana na utumbo moja kwa moja inaugandia, kwa hiyo lazima pawe na kizuizi katikati au itumike ile yenye upande laini. Na uliza bima yake inalipa neti au inalipa upasuaji peke yake. Sisi hilo tulijua siku ya kutoka, mbele ya dirisha la malipo, mzee ameshavaa kanzu.

#50 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Na sukari apime kabla ya wiki ijayo, asisubiri kliniki. Kidole kimoja tu. Ikiwa juu wataahirisha, mtapoteza nauli.

#51 Mzee_wa_Gati

Na kikohozi.

#52 Maabara_Bubu

Mzee, na ukoo.

#53 Mzee_wa_Gati

Ukoo hauna dawa kijana, kikohozi kina dawa. Ndiyo maana nakishikilia. Mpwa, mhamishe huyo shangazi kwenye jiko la gesi kwanza, halafu mtaelewana na daktari.

#54 Mvuvi_wa_Sahare

Gesi kwa samaki wale? Atauza ngapi alipe mtungi? Mzee, njoo siku moja Deep Sea saa kumi jioni uhesabu karai zinazotumia gesi.

#55 Mzee_wa_Gati

Kesho nakuja. Nibakishie changu.